Na Ule Alinipigia, Mulimuomba Karte?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Kisangani, Kindu, Kalemie, Lubumbashi na popote muko,

Leo hatuongei ju ya barabara, wala ju ya umeme, wala ju ya mishahara ya wabunge. Tunaongea ju ya kitu muko nacho mkononi saa hii: simu. Na zaidi tunaongea ju ya ile namba inayotokea kwenye kioo wakati simu inalia. Unaiamini? Mama yako anaiamini? Basi tuseme wazi kuanzia mwanzo: ile namba hakuna mtu aliyeihakikisha mbele ya kukuonyesha. Na walio na kazi ya kuihakikisha wanajua hivyo, na wananyamaza.

Mama wa mwenzetu mmoja anauza maharagi sokoni Butembo. Iko na simu ndogo ya tochi, ile ya vibonyezo, na namba za watoto wake ziliandikwa ndani na mutoto wa jirani kwa sababu yeye macho imechoka. Siku moja asubuhi simu ikalia. Kwenye kioo jina ya mutoto wake ikatokea, ule anasoma Kisangani. Mama akapokea na furaha. Sauti haikuwa ya mutoto.

"Mama, niko na simu ya mutoto wako. Amegongwa na gari, tuko hospitali, munganga anaomba dola 180 mbele ya kumpasua. Tuma kwenye hii namba ya munganga, fanya mbio."

Mama hakuuliza mara mbili. Nani kati yetu angeuliza? Jina ya mutoto iko pale kwenye kioo. Akakimbia kwa ajenti wa chini ya parasoli, akatuma zote. Ilikuwa pesa ya minervali ya huyo huyo mutoto. Mangaribi mutoto akapiga simu kusalimia tu. Siku nzima alikuwa kwenye somo.

Kesho yake mama akaenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Kijana wa pale, mwenye heshima, akamwambia: "Mama, leta karte ya elekteri." Akaleta. "Leta simu." Akaleta. "Sema namba tano ulizopigia mwisho." Akasema. Ndipo kijana akaangalia mashini yake, akasema: "Mama, namba ya mutoto wako haikukupigia. Ile simu iliingia kutoka inje ya inchi. Ilivaa tu namba ya mutoto."

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Baba, na ule alinipigia, mulimuomba karte?"

Kijana hakuwa na jibu. Hatumlaumu, naye anatafuta mukate kama sisi. Lakini hilo swali la mama anayeuza maharagi hatujalisikia bungeni, hatujalisikia kwa waziri yeyote, na sisi wenye diploma ndani ya farde hatukuwahi kuliuliza. Leo tunaliuliza kwa sauti.

Sisi tumeandikwa mara ngapi?

Munajua ginsi inchi hii inatuhesabu. Unataka SIM? Leta karte ya elekteri, piga picha. Umekawia kujiandikisha? Wanakukata. Kisha ikaja RAM. Munaikumbuka? Mwezi wa 9 mwaka 2020 walianza kutukata kredi kwa jina la kuandika kila simu ya inchi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Unaweka kredi ya kuongea na mchumba, unakuta imeyeyuka. Walisema ni ju ya usalama wetu: simu za bandia zitaondoka, simu zilizoibwa zitafungwa. Watu walipiga kelele kila mahali, mpaka mwanzo wa mwaka 2022 RAM ikaondolewa.

Sasa tuulize vizuri. Wanajua jina la mwenye SIM. Walitulipisha ili waijue hata mashini yenyewe. Raia amejionyesha mbele ya mtandao wa simu kichwa hadi miguu. Na mtandao wenyewe umejionyesha wapi mbele ya raia? Saa simu inalia, ni nani anayetuhakikishia kwamba anayepiga njo mwenye namba? Hakuna. Haki ya kujua iko upande moja tu.

2G inafanana na serikali yetu

Wenzetu waliosoma mambo ya telekomi walitueleza kitu kimoja kilichotufanya tucheke, kisha tukanyamaza. Mtandao wa 2G, uliofunguliwa mara ya kwanza Finland mwaka 1991, ulijengwa hivi: simu yako ikitaka kuingia, antene inaiuliza "Wewe ni nani?", na SIM inajibu kwa ufunguo wa siri ulio ndani yake. Lakini simu haina ruhusa ya kuuliza antene "Na wewe, ni nani?" Simu inajithibitisha, mtandao hauthibitishi kitu. Mtu akisimamisha antene yake ya bandia, simu ya 2G itaingia humo bila swali. Ilibidi kungoja 3G ndipo pande zote mbili zikaanza kuulizana.

Munaona? Upande moja unaonyesha karte, upande mwingine unatazama tu. Sisi kizazi cha 4G tunatawaliwa bado kwa namna ya 2G.

Na usiseme: mimi niko na smartphone, hayo ni ya wamama wa soko. Fanya majaribio leo. Tazama juu ya kioo chako, imeandikwa 4G. Mwambie rafiki akupigie simu ya kawaida, hapana ya WhatsApp. Kwa simu nyingi za hapa kwetu utaona 4G inaanguka, inakuwa H ao 3G ao E, mpaka mumalize kuongea. Maana yake intaneti yako inapita njia mpya, lakini sauti yako inarudi kwenye njia ya zamani. Wengi wetu, wa tochi na wa smartphone, tunaongelea kwenye barabara moja ya zamani.

Namba inasafiri vipi

Ile barabara ya zamani iko na jina: SS7. Ni lugha ambayo mitandao ya simu inaongea kati yao ili kujua nani anampigia nani na simu ipite wapi. Ilitengenezwa miaka ya 1970, ikaandikwa kama kanuni ya kimataifa mwaka 1980. Wakati ule kila inchi ilikuwa karibu kila mahali na kampuni moja ya simu, ya serikali. Kwetu Zaïre ilikuwa ONPTZ. Makampuni yalikuwa machache, yanajuana kama wazee wa kijiji kimoja. Mmoja akisema "namba inayopiga ni hii", mwenzake anaandika, anapitisha. Kwa nini amwulize? Anamjua.

Leo kijiji hicho kimekuwa soko kubwa. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kununua huduma ya kupigia kwa intaneti, na huduma zingine zinamwacha aandike mwenyewe namba ya kuonyesha. Simu yake inapita kwa mchuuzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja anachukua senti zake na kusukuma mbele, mpaka inagonga lango la kimataifa la inchi yetu. Kwenye lango, namba inayofika inaanza na +243. Lango linaona Mkongomani anakuja, linafungua.

Kuna hata kisanduku kidogo ndani ya ujumbe wa SS7 cha kusema kama namba imehakikishwa ao hapana. Muzuri sana! Lakini anayekijaza ni ule ule anayetuma. Ni kama barriere ambapo mwenye gari anajiandikia mwenyewe "nimekaguliwa", na askari anasoma, anainua kamba.

Namba ya kuonyesha na namba ya kulipisha si kitu kimoja. Kampuni haikosei kujua ni nani wa kumlipisha, hiyo hesabu inafungwa mpaka senti ya mwisho. Kinachoachwa wazi ni kile kinachoonekana na wewe.

Inchi zingine zilifanya nini

Wasituambie hii ni shida ya dunia nzima, basi tuvumilie. Ni shida ya dunia nzima, kweli, ndiyo maana dunia imeanza kufanya kazi.

Marekani walipitisha sheria mwisho wa mwaka 2019, na kufika tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2021 makampuni makubwa yalilazimishwa kuweka mfumo unaoitwa STIR/SHAKEN kwenye sehemu za mitandao yao zinazotumia intaneti. Tuueleze kwa lugha ya nyumbani. Kampuni ya anayepiga inaitazama simu mbele ya kuiachilia. Inaipigia kashe ya kompyuta, kashe ambayo mwizi hawezi kuchonga sokoni, kwa sababu ufunguo wake uko kwa kampuni peke yake. Kashe iko na ngazi tatu. A: namjua mteja huyu na namba hii ni yake. B: mteja namjua, namba siwezi kuiapia. C: simu imepita tu kwangu, sijui imetoka wapi. Kampuni ya anayepokea inasoma kashe, inaipima, ndipo inaonyesha namba.

Lakini sikilizeni hapa, ju ndiyo sehemu inayotuhusu. Kashe hii inasafiri ndani ya ujumbe wa njia mpya, njia ya intaneti. Simu ikikutana njiani na kipande cha mtandao wa zamani, kashe inabanduka na kupotea, kwa sababu lugha ya zamani haina mahali pa kuibeba. Ni kama mzigo uliofungwa vizuri Kinshasa, na risiti, na muhuri, ukafika mahali barabara imekatika: wanaufungua, wanaubeba kichwani vipande vipande, na ukifika kwako hakuna tena risiti wala muhuri. Hata Marekani, na pesa zote zile, bado wanabanwa na mitandao yao ya zamani. Mwaka 2025 njo tume yao ya mawasiliano ilileta pendekezo la kanuni za kulazimisha na sehemu hiyo.

Na dawa yake inajulikana. Mwaka 2021 mafundi wa intaneti walichapisha mupango wa kupitisha kashe pembeni: sauti iendelee kupita barabara ya zamani, lakini kashe itumwe kwa intaneti kati ya makampuni mawili, na vikutane mlangoni mwa anayepokea. Mzigo unakuja na lori, risiti inakuja na pikipiki. Mwenye simu ya tochi hahitaji kununua chochote. Kazi yote inafanyika kwa kampuni, mbele simu haijalia.

Ufaransa, ambayo wakubwa wetu wanapenda kunakili sheria zake, ilipitisha sheria mwezi wa 7 mwaka 2020, na tangu tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 2024 makampuni yanapaswa kukata simu zenye namba ambayo ilipaswa kuhakikishwa na haikuhakikishwa. Mbona hiyo hatujainakili?

Wengine walichukua njia rahisi zaidi. Ujerumani, tangu mwezi wa 12 mwaka 2022, simu ikitoka inje imevaa namba ya Ujerumani, kampuni inalazimika kuficha ile namba, isipokuwa namba za simu za mkononi za watu walio safarini. Singapore, tangu mwaka 2020, simu inayotoka inje inawekewa alama ya + mbele, ili mzee nyumbani aone: huyu hayuko hapa. Hizo hatua hazihitaji 4G wala 5G. Zinafanyika langoni, na lango letu liko.

Visingizio tunavijua tayari

Watasema: kuna Wakongomani wako Kampala, Kigali, Lusaka, Brussels, wanapiga na namba zao za +243, hatuwezi kuwafungia. Kweli, na hatuombi wafungiwe. Lakini kampuni inajua kila saa SIM yako iko wapi, bila hivyo simu isingekufikia. Siku ile, SIM ya kijana wetu ilikuwa imeshikwa na antene ya Kisangani. Kampuni yake ilijua. Simu yenye namba hiyo hiyo ilipogonga lango ikitoka inje, swali moja lilitosha: "Huyu mtu yuko Kisangani, anapigaje kutoka inje?" Mashini zingejibu mbele mama hajasikia mlio. Hilo swali halikuulizwa kwa sababu hakuna faida ya kuuliza. Simu zinazotoka inje zinaleta dola. Wanaopoteza ni wamama.

Watasema: ni gali. Walipotaka RAM, mashini zilipatikana mbio na kredi zetu zikajua njia ya kutoka. Leo ni kutulinda, ghafla inchi ni maskini.

Watasema: tunatuma kila siku mesaji, "Usimpe mtu kode yako ya siri." Mama wa Butembo hakumpa mtu kode. Aliamini kioo chake, kioo ambacho kampuni yenyewe ndiyo inakijaza maandishi. Huwezi kuweka kibao kinachodanganya barabarani, kisha ulaumu mwenye kupotea.

Watasema: wezi wengi hawavai hata namba ya mtu, wanatumia SIM ya kawaida na ulimi mutamu. Hapa tuseme ukweli: wana haki. Kila mmoja wetu ameona SIM zilizoandikwa tayari kwa jina la mtu mwingine zikiuzwa barabarani. Kuhakikisha namba si kuhakikisha moyo wa mtu. Kashe ya A haimaanishi anayepiga ni mwaminifu, Marekani na kashe zao bado wanasumbuliwa. Kashe inafanya jambo moja tu: namba ikionekana, iwe ya kweli, na anayefuatiliwa awe mwenyewe. Leo mama akishitaki, namba iliyo kwenye simu yake ni ya mutoto wake. Atamshitaki mutoto? Kode ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inaongea vizuri ju ya uhalifu wa kwenye mtandao. Polisi ataanza wapi kama alama ya mguu ni ya mtu mwingine?

Kwetu si pesa tu

Ndugu zetu wa Lubumbashi, fikirieni kidogo maisha ya huku mashariki. Simu inalia saa tisa ya usiku. Kioo kinaonyesha jina la chifu wa kijiji. Sauti inasema: "Kimbieni sasa hivi." Ao inasema: "Rudini, kumetulia." Familia nzima itatembea usiku kwa sababu ya namba moja. Mwingine anapigiwa na namba ya ndugu aliyepotea njiani, anaombwa pesa ya kumkomboa. Hapa kwetu watu wanatekwa kweli, basi unajuaje hii ni ya kweli ao ya bongo? Goma na Bukavu, benki zilipofunga milango mwaka 2025, pesa ya simu njo ilibaki benki ya watu. Inchi iliyoweka chakula chake, minervali yake na usalama wake ndani ya simu haina haki ya kuacha namba ya simu iwe nguo ya kuazimana.

Na neno moja kwetu wenyewe. Kuna vijana wenzetu, wengine tulikaa nao benchi moja, wanaofanya hii kazi ya kudanganya watu kwa simu. Wanasema hakuna kazi. Tunajua hakuna kazi, sisi tunaandika haya bila mushahara, wengine tuko na mwaka wa tatu tunapeleka demande zisizojibiwa. Lakini njaa yako haikupi ruhusa ya kula minervali ya mwenzako. Ukimwibia mama wa soko, umesaidia wale wale waliokunyima kazi, kwa sababu kesho watakuja na kisingizio kipya cha kutuandika na kutulipisha wote.

Tunadai nini

Tunasema kwa ARPTC, kwa wizara na kwa makampuni yote ya simu:

1. Simu yoyote inayoingia kutoka inje na namba ya +243 ipimwe langoni. Kama SIM yenyewe haiko safarini, simu ikatwe ao namba ifichwe. Kazi hii ianze sasa, kwenye mitandao ya zamani kama ilivyo.

2. Makampuni yajibishane. SIM ya kampuni moja ikitumikishwa kudanganya mteja wa kampuni nyingine, wasijifiche kila mmoja nyuma ya ukuta wake.

3. Simu zinazopita njia mpya kutoka kampuni moja kwenda nyingine zipigwe kashe. Zinazopita njia ya zamani, kashe ipitishwe pembeni. Mwenye simu ya tochi asiwe wa mwisho kulindwa, kwani yeye njo wa kwanza kuibiwa.

4. Namba isiyojulikana ukweli wake isionyeshwe kama ya kweli. Heri kioo kitupu kuliko kioo kinachodanganya.

5. Simu ikiingia imevaa namba ya mtu na mteja akaibiwa, kampuni iliyofungua lango ibebe hasara, hapana mama. Siku watakapolipa wao, mutaona mbio za kutengeneza.

6. Hakuna taksi mpya, hakuna RAM ya pili. Na hakuna kisingizio cha kusikiliza maongezi yetu: kupima namba hakuhitaji kujua mtu anasema nini. Anayetaka kutumia hili kutupeleleza, atatukuta barabarani.

Na wewe, leo

Tukingoja waamke, tulindane. Simu ikileta habari ya kutisha ao ya pesa, kata, kisha upige wewe mwenyewe ile namba kwa vidole vyako. Mwizi anaweza kuvaa namba ya mutoto wako akikupigia, lakini ukipiga wewe, simu inaenda kwa mutoto. Huna kredi? Bipa. Mutoto wa kweli atakurudilia. Usibonyeze tu kwenye mesaji aliyokutumia, andika namba ao ichukue kwenye jina uliloliweka.

Muwe na neno la siri la nyumbani, neno ambalo haliandikwi popote. Rudi nyumbani leo jioni, kaa na mama, na bibi, na mudogo wako, mufundishe pole pole, bila kumcheka. Wengi walioibiwa wananyamaza kwa sababu tunawacheka. Kicheko chetu kinamfichia mwizi.

Na ukipigiwa na namba iliyovaliwa, andika: siku, saa, namba iliyoonekana, namba uliyoambiwa kutuma pesa. Peleka kwa kampuni, omba karatasi inayoonyesha wamepokea, kisha utuletee kopi. Mtu mmoja akilalamika, wanasema ni mama mmoja wa maharagi. Tukifika na kopi mia moja mkononi, watalazimika kukaa na sisi mezani.

Yule mama bado anauza maharagi. Mutoto wake alikosa mitihani ya awamu ya kwanza, anangojea ya pili kama pesa itapatikana. Akisikia simu inalia siku hizi, anaitazama kwanza, hata jina la mutoto likitokea. Mama anaogopa jina la mutoto wake mwenyewe. Hiyo hofu kuna watu waliiachia ipite langoni, wako na ofisi, wako na gari, wako na mushahara.

Swali lake bado liko mezani, na hatutaacha kuliuliza mpaka lijibiwe: na ule alinipigia, mulimuomba karte?